Barua kwa mwanangu: majirani wa Buruburu na nyumba yako ya kupangisha

Mwanangu mpenzi,

Salamu kutoka Voi. Sisi hatujambo. Babako goti linamsumbua tena lakini shambani haachi kwenda.

Ile barua ya majirani uliyonitumia picha yake nimeisoma. Unaniuliza mambo mawili: kama watu wa koti, yaani majirani wa nyumba zenye ua mmoja na geti moja hapo Buruburu, Nairobi, wana haki ya kukuzuia usikodishe nyumba kwa wageni wa siku moja moja, na uwajibu nini kwenye mkutano wao wa Jumapili. Umeniambia pia kwamba umeshapata wakili.

Huyo wakili mweke kando kwanza. Ukiingia kwenye kikao cha koti na karatasi ya wakili mkononi, hata yule aliyekuwa upande wako atanyamaza, na maneno ambayo yangeisha kwa chai yatakwenda mahakamani.

Wewe ulihamia Ruaka ukiwa bado kijana, pengine hukuwahi kuyaona mambo ya koti kwa jicho la mwenye nyumba. Buruburu ilianza kujengwa miaka ya 1970 kwa mpango ule ule unaoujua: nyumba zinatazamana, magari katikati, watoto wanacheza hapo hapo. Mageti yalikuja baadaye, wizi ulipozidi, na kila nyumba ikachanga. Geti lile halikuletwa na kaunti, ni pesa za watu. Mgeni wako akishuka kwenye teksi saa saba za usiku, akamgongea soja, mlinzi wa geti, na kusema "nimekodi humo ndani", soja hana jina lake wala hajui anaingia nyumba gani. Amfungulie au asimfungulie? Katika yale malalamiko yao matano, mimi naona hilo ndilo lenye uzito. La magari kuziba njia na la takataka unaweza kuyamaliza kwa wiki moja.

Halafu kuna kisa cha ile nyumba ya kona. Mwenyewe alikuwa ng'ambo, ameiacha mikononi mwa ajenti wa mjini. Wapangaji walikuwa watu wazuri, mume na mke, walimu wote wawili. Wakaenda ushago, kijijini kwao, Desemba, bomba likapasuka darini. Maji yalipita chini ya mlango, yakavuka maegesho, yakaingia sebuleni kwa jirani, zulia likaloa lote. Ajenti akipigiwa, simu inaita mpaka inakatika. Mwishowe soja akaruka ukuta akafunga maji kwenye mita. Tangu siku hiyo watu wa koti wakisikia nyumba fulani imepangishwa, hawamuwazii mpangaji kabla ya kuiwazia simu ile isiyoshikwa.

Kwa hiyo usiende ukidhani wanapinga upangishaji. Wengi wao wamejenga vyumba nyuma ya nyumba na wanakula kodi kila mwezi. Kinachowatia hofu ni nyumba isiyo na mtu wa kuulizwa, na kwa sasa, mwanangu, nyumba yako iko hivyo. Funguo ziko kwenye kisanduku cha namba ukutani, mama wa usafi anakuja na kuondoka, nawe uko Ruaka.

Sasa haki. Nyumba ni yako na Katiba inailinda mali yako. Kamati ya koti haiwezi kukukataza kupangisha eti kwa kuwa imepiga kura. Lakini usijipige kifua. Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019 inataka kibali cha kaunti mtu anapobadilisha matumizi ya mahali, na jirani anaweza kusema kwamba nyumba ya kulaza wageni kila siku imeshakuwa biashara ya malazi, si makazi tena. Na malazi ya wageni yana mdhibiti wake chini ya Sheria ya Utalii ya 2011. Unakumbuka Januari 2024, wasichana walipouawa katika nyumba za kukodi kwa siku huko Nairobi, watu wakaandamana mji mzima? Baada ya pale mamlaka ya utalii ilisisitiza nyumba zote za namna hiyo zisajiliwe na ziwe na leseni. Wewe unayo? Kwenye ujumbe wako hukuitaja, nami najua maana ya mtu kutotaja kitu. Ikiwa huna, kamati haihitaji kubishana nawe hata dakika moja. Itakushtaki tu.

Kelele vilevile. Kanuni za kelele za 2009 zinahesabu usiku kuanzia saa mbili, si saa sita kama wageni wako wanavyodhani. Sherehe ya kuzaliwa yenye spika mbili kubwa katika nyumba zilizoshikana ukuta haina utetezi.

Lile la tano ndilo usilolikubali hata kidogo. Wameandika kwamba unaleta "wasichana wasioeleweka". Hawaeleweki vipi? Mwanamke mtu mzima akikodi chumba, akalipa, akalala, anadaiwa maelezo gani na mwenyekiti? Mimi nilipofika koti lile nikiwa na buibui langu, kuna waliouliza mume wangu yuko wapi kabla ya kuuliza jina langu. Hapo sema kwa adabu, lakini sema: makosa ya mgeni nitayajibu, sura yake na mavazi yake siyajibu. Leo ni wasichana, kesho watakuambia kabila gani usimpangishe.

Ukitaka shauri langu hasa, achana na wageni wa siku. Najua hesabu yako, wikendi mbili nzuri zinakaribia kodi ya mwezi. Ila umesahau kutoa usafi, mashuka, taulo zinazopotea, umeme, lori la maji mfereji ukikauka, na wewe kukatishwa usingizi kwa sababu mgeni amesahau namba ya mlango. Tafuta mpangaji wa mwaka. Hata ushuru wake ni mwepesi kuuelewa: kodi ya makazi inayozidi shilingi 288,000 kwa mwaka, mpaka milioni 15, hukatwa asilimia 7.5 tangu Januari 2024. Nyumba ya 45,000 kwa mwezi unawapelekea watu wa ushuru, KRA, shilingi 3,375 kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata, basi. Mambo ya wageni wa siku ni ushuru wa biashara na vitabu vya hesabu, na wewe vitabu vya hesabu ulivikimbia tangu shule.

Lakini nyumba ni yako, na ujana una ukaidi wake. Ukiamua kuendelea na wageni, basi usingoje Jumapili. Nenda Ijumaa jioni kwa miguu yako, na usianze kwa mwenyekiti. Anza kwa mama wa nyumba mnayeshirikiana naye ukuta, yeye ndiye anayezisikia hizo spika. Mwachie namba yako, na ya mtu anayekaa karibu anayeweza kufika upesi. Binamu yako yuko Umoja, mlipe kidogo afanye kazi hiyo. Soja mpe jina la kila mgeni na siku atakayoondoka kabla hajafika. Mgeni aje na gari moja, na sherehe ziwe marufuku, uandike hivyo mahali anapoona kabla ya kulipa. Na lipa mchango wa geti. Wameutaja mwishoni mwa barua kwa herufi ndogo, kwamba nyumba yako ina deni, na mtu mwenye deni la soja hana sauti Buruburu.

Kwenye grupu ya WhatsApp usijibu kitu. Yule mzee wa sauti nne za dakika tano tano mwache azitume.

Jumapili sikiliza mpaka wamalize, kisha omba miezi mitatu ya majaribio na useme waziwazi kwamba wakipata tena usiku wa kelele utafunga mwenyewe. Useme hivyo ikiwa kweli utafunga.

Hati ya nyumba iko kwa mjombako Pangani, kwenye sanduku la bati. Ipitie kabla ya mkutano, ule ukurasa wa masharti ya matumizi, kwa sababu mwenyekiti nakala yake anayo na ataisoma mbele ya watu. Ukikuta neno usilolielewa, hapo sasa mpigie huyo wakili wako.

Babako anakusalimu, anauliza kama mwembe wa nyuma bado unazaa.

Mamako