Hedifoni mpya hazina besi: niendelee kusubiri "zizoee"?

SWALI: Hedifoni zangu za waya zilikatika, nikanunua za Bluetooth, zile zinazofunika sikio zima na kuzuia kelele. Nilidhani napanda daraja, kumbe nimeshuka. Besi haipo, mwimbaji anasikika kama yuko chumba cha pili, na nikijiunga na mkutano kwenye kompyuta sauti inakuwa kama ya simu mbovu. Aliyeniuzia anasema niziache zipige muziki saa 200 mfululizo ndipo zitafunguka. Nimebakiwa na siku 5 za kuzirudisha. Nivumilie, au nitafute zenye spika kubwa zaidi na kodeki ya kisasa? Navaa miwani.

JIBU: Tuanze na hesabu. Saa 200 bila kuzima ni siku 8 na saa 8. Wewe una siku 5. Muuzaji amekupa dawa ambayo ukiimaliza, muda wa kurudisha bidhaa utakuwa umeshapita. Huenda hakukusudia, huenda naye aliambiwa hivyo akaamini, lakini ushauri huu una tabia ya kumfaa muuzaji kila mara unapotolewa.

Habari ya hedifoni "kuzoea" haiishi, na watu wanaikoleza kila mwaka: mara saa 50, mara 200, mara upige kelele maalumu usiku kucha. Ukweli ni kwamba utando wa spika ya hedifoni ni mwepesi mno na unacheza kidogo sana. Ukizipima zikiwa mpya na ukazipima tena baada ya saa nyingi, tofauti unayoipata kwa kawaida ni ndogo kuliko ile inayotokea ukizivua na kuzivaa tena zikakaa milimita chache pembeni. Vinavyobadilika kweli ni viwili. Mito ya masikio inalainika na kukaa vizuri zaidi kichwani, na masikio yako yanazoea rangi ya sauti mpya. Hilo la pili lina uzito. Umesikiliza hedifoni moja kwa muda mrefu, basi hiyo ndiyo imekuwa kipimo chako cha "sauti ya kawaida", na nyingine yoyote itaonekana ngeni kwa siku mbili tatu. Ila ugeni ni kitu kimoja na besi kutokuwepo ni kitu kingine. Besi ambayo haifiki sikioni leo haitafika kwa kungojewa.

Neno muhimu kuliko yote katika swali lako umeliweka mwishoni: miwani.

Fanya jaribio hili kabla ya kitu kingine chochote. Weka wimbo wenye gitaa la besi linaloendelea, au ngoma nzito inayorudia. Vaa hedifoni na miwani kama kawaida. Sasa weka viganja juu ya vikombe vyote viwili, ubonyeze kidogo kuelekea kichwani, bila kukandamiza. Besi ikijaa ghafla, umeshampata mwizi. Achia, itapotea tena. Kisha vua miwani usikilize bila kubonyeza. Ikirudi, hakuna la kubishana.

Sababu yake ni rahisi. Hedifoni ya kufunika hutengeneza chumba kidogo kilichozibwa kati ya spika na sikio. Sauti za chini hutegemea presha ya hewa ndani ya chumba hicho. Mkono wa miwani unainua mto, unabaki upenyo mwembamba pale nyuma ya sikio, na presha inatorokea hapo. Kinachopungua ni sauti za chini ya Hz 200 hivi (Hz ni idadi ya mitetemo kwa sekunde; namba ndogo ni sauti nzito), na kadiri unavyoshuka ndivyo upungufu unavyozidi; desibeli 10 zinaweza kwenda kwa urahisi. Sauti za katikati na za juu hazijali sana huo upenyo, kwa hiyo wimbo unabaki umekonda. Nywele nene, hereni na mkanda wa kilemba uliopita chini ya mto hufanya kazi ileile.

Kwenye hedifoni za kuzuia kelele jambo hili linachanganya zaidi. Baadhi zina maikrofoni ndani ya kikombe ambayo hupima kilichofika sikioni na kujaribu kufidia kinachovuja. Ukizima kuzuia kelele, fidia nayo inaondoka, na sauti inabadilika kabisa. Kwa hiyo fanya jaribio la viganja mara mbili, kuzuia kelele kukiwa kumewashwa na kukiwa kumezimwa.

Tatizo likiwa hilo, dawa zake hazina makuu. Miwani yenye mikono myembamba na bapa husaidia. Sogeza vikombe chini kidogo, uvirudishe nyuma nusu sentimita, ukaze mkanda wa kichwani tundu moja. Ukifikiria mito mbadala, nenda polepole: mto mnene unaiweka spika mbali zaidi na sikio, na mto wa kitambaa cha mahameli unapitisha hewa, yaani unakuongezea uvujaji uleule unaoukimbia. Watu hununua mito ya starehe, kisha wanalalamika kuwa hedifoni "zimechoka".

Sasa mkutano wa kompyuta. Hapo hedifoni hazina kosa. Bluetooth ya kawaida ina njia mbili: moja ya muziki, ya stereo, inayopeleka sauti upande mmoja tu, na nyingine ya simu, inayopeleka na kupokea. Programu ya mkutano ikifungua maikrofoni ya hedifoni, kompyuta inahamia njia ya simu: sauti ya mono, yaani ileile masikio yote mawili, inayochukuliwa sampuli (vipimo vidogo vidogo vya sauti) 8,000 au 16,000 kwa sekunde, wakati muziki hutumia 44,100 au 48,000. Kwa sampuli 8,000, kila kitu kilicho juu ya Hz 4,000 kimekatwa. Nenda kwenye mipangilio ya programu ya mkutano, chagua maikrofoni ya kompyuta yenyewe au ya waya, na hedifoni ziachie kazi ya kusikiliza tu. Sauti itarudi papo hapo. Mfumo mpya wa Bluetooth unaoitwa LE Audio unalirekebisha hili, lakini ni lazima kompyuta na hedifoni vyote viwe nao.

Kuhusu kodeki, yaani namna ya kubana sauti ili ipite kwenye Bluetooth: SBC, ile ya kawaida inayodharauliwa na kila mtu, hufika kilobiti 328 hivi kwa sekunde ikipangwa vizuri. LDAC hufika 990. Tofauti inaweza kusikika kwenye matoazi au makofi ukitega sikio mahali palipo kimya. Lakini kodeki hufinyanga chembechembe za sauti. Haimhamishi mwimbaji chumba cha pili wala haifuti besi. Anayekuambia ununue hedifoni nyingine kwa ajili ya kodeki, na wewe unalalamikia besi, hajakusikiliza.

Spika kubwa ni porojo nyingine. Milimita 50 si lazima zishinde 40. Spika ndogo kabisa ya ndani ya sikio, kipira chake kikiziba vizuri, hutoa besi ya kutikisa. Ile "Hz 10 hadi 40,000" kwenye boksi nayo ipuuze. Sikio la kijana lisilo na kasoro huishia karibu Hz 20,000, na bila kuambiwa sauti inapanda na kushuka desibeli ngapi ndani ya masafa hayo, hujaambiwa kitu. Bei nayo haiokoi. Mwaka 2017 mtafiti Jeroen Breebaart alichapisha vipimo vya hedifoni 283 na hakuona uhusiano kati ya bei na jinsi hedifoni inavyogawa sauti za chini, za katikati na za juu. Mgawanyo huo ndio sehemu kubwa ya tunachokiita "sauti nzuri".

Na ndio unaomweka mwimbaji wako mbali. Hedifoni nyingi za sasa huvimba kwenye Hz 150 hadi 300, zikabonyea kwenye Hz 1,000 hadi 3,000, pale maneno yanapokaa. Ukishamaliza suala la kuziba, fungua ikwalaiza (sehemu ya kupandisha au kushusha sauti za chini, za katikati na za juu) ya programu ya hedifoni zenyewe, ambayo mara nyingi huhifadhiwa ndani yake na kufanya kazi kwenye kila kifaa. Punguza desibeli 3 kwenye Hz 250. Ongeza 3 karibu na Hz 2,500. Besi ikihitaji msaada, ongeza 4 chini ya Hz 100. "S" na "sh" zikianza kuchoma, shusha 2 au 3 kati ya Hz 6,000 na 8,000. Kisha, na hapa ndipo wengi wanapoharibu, shusha kiwango cha jumla kwa desibeli 5. Usipofanya hivyo, ulichoongeza kinagonga dari ya sauti ya kidijitali na ngoma zinapasuka, halafu ikwalaiza inalaumiwa. Unapolinganisha kabla na baada, rekebisha sauti iwe sawa, kwa maana kilichoshushwa desibeli 5 kitaonekana kibaya hata kama ni kizuri.

Udhaifu huohuo wa masikio hutumika dukani. Kati ya hedifoni mbili, inayopiga kwa nguvu kidogo zaidi, hata kwa desibeli 1 tu, huonekana safi na yenye uhai. Nyimbo za majaribio ziwe zako, tatu unazozijua kila pumzi, zitoke kwenye simu yako, na kitufe cha sauti ukishike wewe.

Viganja visipoleta besi, miwani ikivuliwa hakuna kinachobadilika, na ikwalaiza isipotosha, zirudishe kesho. Mbadala unategemea unasikilizia wapi. Ukiwa safarini au kwenye makelele, nenda kwenye za ndani ya sikio: mkono wa miwani haufiki kule. Jaribu vipira vya saizi zote zilizomo, hata kushoto na kulia vikitofautiana, na unapoingiza vuta sikio juu na nyuma. Ukisikilizia mahali patulivu, za waya zilizo wazi kwa nyuma hazitegemei sana kuziba. Koss Porta Pro ya mwaka 1984 bado inatengenezwa, ina sponji inayolala juu ya sikio, na simu huiendesha bila shida. Sennheiser HD 600 ya 1997 ni tulivu na kweli kwa sauti za waimbaji, ila ina ukinzani wa umeme wa ohm 300, yaani inahitaji nguvu zaidi kuipiga. Kwenye simu nyingi itanong'ona, kwa hiyo hesabu na amplifaya ndogo. Sony MDR-7506 ya 1991, ohm 63, ni ya kufunika na utaikuta studio nyingi, lakini kwa miwani yako ni lazima uivae kwanza.

Kuna jambo baya kuliko pesa iliyopotea. Mtu anayekosa besi huongeza sauti. Besi inaendelea kuvuja, huku sauti za katikati na za juu zikipanda zote na kumpiga sikioni. Wengine hupakua programu za kuongeza sauti "asilimia 200", ambazo kazi yake kubwa ni kuzigonganisha ngoma na ile dari. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha mtu mzima kuwa desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na 75 kwa watoto. Kila desibeli 3 zinazoongezeka hukata muda nusu: 83 ni saa 20, 86 ni 10, 89 ni 5. Mtu aliyepandisha desibeli 9 akiitafuta besi ya miwani yake anamaliza fungu la wiki nzima Jumatatu kabla ya jioni. Baadhi ya simu huonyesha kiwango hicho unapoendelea kusikiliza. Kitafute kwenye mipangilio ya sauti au ya afya. Kwa hedifoni za waya namba hiyo mara nyingi ni makadirio, kwa sababu simu haijui ulichochomeka hutoa desibeli ngapi.