Re: Orodha moja ina tindo, nyingine haina

Habari ndugu. Umekwama kwa kuwa orodha moja ya zana za daraja la kwanza la Frimasoni (chama cha kindugu kinachofundisha maadili kwa mifano ya zana za uashi) ina tindo, yaani patasi ya mawe, na nyingine haina. Angalia kwanza imetoka nchi gani. Uingereza hutaja rula ya inchi 24, nyundo na tindo. Marekani kwa kawaida ni rula na nyundo tu. Daraja la tatu ndiko wanakoachana zaidi: Marekani husisitiza mwiko, unaosambaza upendo wa kindugu kama saruji, Uingereza ni uzi wa kupigia mstari, penseli na bikari. La pili halisumbui: skwea ni ishara ya maadili, pima maji ya usawa, timazi ya unyofu. Mimi ni mwashi, na iliyonigusa ni ile rula. Inchi 24 ni saa za siku: sala, kazi, mapumziko, kumsaidia mwenzio.