Uliza Shangazi wa Mezani: Sahani ikija vibaya, tuseme au tunyamaze?

Shangazi, shikamoo. Mimi na mume wangu tunapenda sana kutoka kula nje, na migahawa ya jirani tumeshaizunguka karibu yote. Siku hizi lakini tunaondoka nyumbani tukicheka na tunarudi tumenuniana. Mara ya mwisho niliagiza kuku wa kuchoma. Nilipomkata pajani nikakuta nyama inavutika kama mpira, na majimaji mekundu yanachuruzika sahanini. Nikainua mkono nimwite mhudumu. Mume wangu akanibonyeza goti chini ya meza: "Acha tu, watu wanatuangalia." Nikadonoa pembenipembeni, kingine nikaacha. Mhudumu alipopita kuuliza kama chakula ni kizuri, mume wangu akamjibu, "Kizuri sana, ahsante." Tulivyotoka tu mlangoni akaanza kulalamika, akalalamika mpaka kitandani, na asubuhi akaandika maneno makali mtandaoni na kuupa mgahawa ule nyota moja. Je, kurudisha chakula ni aibu?

La pili ni dogo ila linanikera. Nikitangulia kuagiza kitu ambacho naye alikitaka, yeye anabadilisha, anachukua kingine. Kisha chakula kikifika, uma wake unahamia kwenye sahani yangu.

*Mke*

Nami mume naongeza hapa chini: Shangazi, goti nilimbonyeza, sikatai. Nimesikia tangu zamani kwamba ukirudisha chakula, jikoni wanakitemea mate. Halafu yule mhudumu alikuwa kijana mdogo, nikaogopa asije akakatwa mshahara kwa kosa la mpishi.

Shangazi anajibu:

Marahaba, wanangu. Naanza na kuku, maana hapo hakuna mjadala: alitakiwa arudi jikoni, na arudi pale pale. Kuku mbichi hubeba vijidudu kama salmonela na kampilobakta, na hao hawajali kama mgeni ni mstaarabu au mkorofi. Shirika la Afya Duniani linasema chakula kipikwe hadi ndani kifike nyuzi joto 70. Wekundu kidogo kando ya mfupa peke yake si ushahidi, kwa sababu kuku mchanga anaweza kuiva kabisa na bado akabaki na rangi pale mfupani. Lakini nyama inayovutika na majimaji mekundu, hiyo ni dalili ya kusimamisha uma. Jiko linalojiheshimu lina kipimajoto cha kuchoma ndani ya nyama, na una haki ya kusema, "Naomba mumpime." Nyama ya kusaga ni hivyohivyo. Kipande kizima cha nyama ya ng'ombe, vijidudu vyake hukaa zaidi juu, moto ukishika nje vinakufa. Ukishaisaga, cha juu kimeingia ndani, kwa hiyo iive hadi katikati.

Sasa hilo la mate. Nimehudumia meza tangu usichana wangu, kisha nikawa msimamizi, nikisimama kila jioni kwenye lile dirisha ambalo sahani hutokea jikoni. Sijaliona. Nilichokuwa nakiona ni hiki: sahani inarudi, mpishi anakunja uso, anauliza "Meza gani?", anakata kipande mwenyewe na kukitazama. Akiona kweli ni kibichi, uso unabadilika, kwa sababu anajua wengine waliotoka kwenye jiko lile lile huenda nao wana tatizo. Nakumbuka jioni moja sahani moja tu ilirudi, tukagundua upande mmoja wa oveni umezimika. Tulisimamisha sahani zilizokuwa zimeshapangwa dirishani. Aliyerudisha ile ya kwanza alikuwa mama mmoja mpole, aliongea kwa sauti ya chini, na mpaka leo namshukuru. Aliwaokoa watu ambao hata hawakujua.

Baba, huruma yako kwa yule kijana ni nzuri na naipenda, lakini uliielekeza pasipo. Mgeni akisema mezani, lawama inakwenda jikoni ilikotoka. Mhudumu hachomi kuku. Akileta habari mapema anaonekana anazijua meza zake. Ila ukimwambia "kizuri sana" halafu kesho ukaandika mtandaoni, mwenye mgahawa ataitafuta siku na saa, ataangalia nani alikuwa zamu, na yule kijana ataulizwa kwa nini hakusema kitu. Atajibu nini? Wewe ulimwambia kizuri sana. Na nyota hizo si mchezo. Michael Luca, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard huko Marekani, alichunguza migahawa ya jiji la Seattle, na katika andiko lake la 2011 akaonyesha kwamba nyota moja zaidi kwenye wastani wa Yelp, tovuti ambako wateja huandika maoni yao, huendana na ongezeko la mapato la asilimia 5 hadi 9, hasa kwa migahawa isiyo sehemu ya makampuni makubwa. Kinachopanda namna hiyo kinaweza kushuka vilevile, na hizo fedha ndizo mishahara ya hao vijana. Sisemi usiandike. Andika, lakini kwanza wape nafasi ya kurekebisha ungali umekaa, kisha uandike na jinsi walivyokupokea. Maoni ya namna hiyo ndiyo yanayomsaidia msomaji mwingine.

Namna ya kusema nayo ina utaratibu wake. Sema mapema, baada ya tonge la kwanza au la pili. Ukila nusu sahani ndipo ulalamike, unamweka mhudumu mahali pagumu, na mpishi hana tena cha kurekebisha. Usipige vidole, usiite kwa sauti ukumbini. Mtazame machoni, akifika mezani sema kitu kimoja kinachoonekana: "Kuku huyu ndani hajaiva, tazama hapa. Naomba arudishwe." Usianze na "huku kwenu chakula kibaya," maana hilo hakuna mpishi anayeweza kulipeleka motoni. Na useme unachotaka: aongezwe moto, abadilishwe, au afutwe kwenye bili. Wahudumu wengi wanahangaika kubahatisha tu, na wakibahatisha vibaya ndipo mnaona wamewanunia.

Kuna jambo ambalo wanandoa hulisahau. Sahani ya mmoja ikirudi, mwenzake anabaki na yake mbele. Akila, mwingine anatazama. Asipokula, chakula kinapoa. Basi semeni papo hapo, "Na hii naomba mkaitunze kwenye joto, tunataka kula pamoja." Ni ombi la kawaida kabisa na jiko zuri linalijua. Nimeona jioni nyingi zikiharibika kwa kukosa sentensi hiyo moja, maana kuku mpya alikuja mtamu kweli lakini mwenzake alishamaliza na anaangalia simu.

Na mama, nawe nikuombe. Kabla hujainua mkono, mwambie mwenzako kwanza, kwa sauti yenu wawili: "Huyu mbichi, namrudisha, nitaongea mimi." Mume wako anaogopa macho ya watu. Akijua kwamba hatatakiwa kusema neno na kwamba hutapaza sauti, goti lako litapumzika.

Kuhusu kuagiza, hilo si dogo kama unavyoliona, na si la mume wako peke yake. Watafiti wawili, Dan Ariely na Jonathan Levav, walilichunguza Marekani na kuchapisha matokeo yao mwaka 2000. Waliwapa watu waliokaa meza moja bia za kuonja: meza nyingine kila mtu akataja chaguo lake kwa sauti kwa zamu, meza nyingine kila mtu akaandika kimyakimya. Waliotaja kwa sauti walichagua vitu tofauti tofauti zaidi, wakikwepa kile ambacho mwenzao ameshakitaja, na baadaye hawakukifurahia kinywaji chao kama wale walioandika. Isipokuwa mmoja tu: yule aliyetangulia kusema. Wewe, mama, ndiye unayetangulia. Yeye anafika zamu yake anaona haya kurudia, anachukua asichokitaka, kisha uma unakwenda ulikokuwa moyo tangu mwanzo.

Dawa yake ni nyepesi. Kila mmoja aamue kimya, afunge menyu, na menyu zikishafungwa hakuna kubadilisha. Mkitaja kitu kimoja wote, mletewe hicho hicho viwili, wala mhudumu hashangai. Na kama mnapenda kuonja vya mwenzenu, ombeni sahani tupu ya katikati tangu mwanzo. Kila mtu ampakulie mwenzake humo kwa mkono wake kabla hajaanza kula. Kupewa na kuchukuliwa ni vitu viwili tofauti kabisa, hata kama kipande ni kile kile, na nadhani mama ndicho kinachokukera: si nyama inayopungua, ni kwamba hukuulizwa.

Bi Shangazi, salamu nyingi. Mimi ni mzee, na mke wangu pia umri umekwenda. Tulikuwa na desturi yetu ya kwenda kula nje sisi wawili tu, tangu watoto walipohama. Sasa hataki. Anasema mgahawani ananiona midomo inacheza lakini hasikii kitu, anaitikia tu kwa kichwa. Nyumbani tunaongea vizuri. Watoto wanasema mama amechoka tu, tumwache. Mimi sitaki kuacha.

*Mzee msomaji*

Shangazi anajibu:

Salamu nimezipokea, mzee wangu, na nimefurahi kwamba hutaki kuacha. Mkeo hajachoka. Anachokueleza ni jambo halisi la masikio, na ndivyo linavyoanza kwa wengi. Usikivu unaopungua kwa umri huanza kupoteza sauti nyembamba za juu, na humo ndimo zilimo s, f na t, herufi zinazotenganisha neno na neno. Nyumbani penye utulivu ubongo unajazia zilizokosekana. Ukumbini, kelele zinafunika hata kile kidogo kilichobaki, na anayesikiliza anachoka kweli kwa kukisia. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya 2021 inakadiria watu bilioni 1.5 duniani wana upungufu wa kusikia wa kiwango fulani. Kwa hiyo la kwanza, mpeleke akapimwe masikio. Wakati mwingine ni nta tu imejaa, inatolewa siku hiyo hiyo. Wakati mwingine ni kifaa cha kusikilizia, na akikipata mapema anakizoea kwa urahisi zaidi.

Migahawa nayo ina lawama yake, na hili nalisema kwa uchungu kwa sababu ndiyo kazi yangu. Sakafu ya vigae, kuta tupu, dari iliyoachwa wazi na meza zisizo na vitambaa: vyote hivyo vinairudisha sauti ukumbini badala ya kuinywa. Ukubwa wa sauti hupimwa kwa desibeli, na mazungumzo ya kawaida ni kama desibeli 60. Ukumbi uliojaa wenye muziki unaweza kupita 80. Na kelele huzaa kelele: daktari Mfaransa, Étienne Lombard, alieleza mwaka 1911 kwamba mtu akizungukwa na kelele hupaza sauti bila hata kujua. Meza moja ikipaza, ya jirani inapaza, na ukumbi mzima unapanda. Tulikuwa tukipunguza muziki kidogo tu, baada ya muda watu wenyewe wanashusha sauti. Kwa hiyo usione haya kuomba muziki upunguzwe. Msimamizi anayeijua kazi yake atakushukuru.

Nendeni mapema, ukumbi ukiwa bado na nafasi, wala si saa ya msongamano. Ombeni kona, mbali na mlango wa jikoni, kaunta na spika. Mke wako akae mgongo ukiwa ukutani, ili pasiwe na sauti inayomjia kwa nyuma. Wewe kaa mbele yake, na angalia taa iko wapi: mwanga uangukie uso wako. Watu wengi hukosea hapo, wanamkalisha mgeni wao penye mwanga na wao wanakaa gizani. Yeye anasoma midomo yako, hata kama mwenyewe hajui kwamba anaisoma, na hawezi kusoma kivuli. Vilevile usiongee ukiwa na tonge mdomoni au umeinamia menyu. Akishapata kifaa cha kusikilizia, jaribuni na kumgeuza: vifaa vingi vinaweza kukazia sauti za mbele na kupunguza za nyuma, kwa hiyo inaweza kumfaa zaidi kutazama kona, huku ukumbi ukiwa nyuma yake na wewe mbele ya macho yake.

Na mhudumu akija, asikuulize wewe "Mama atakula nini?" Nimeliona hilo mara nyingi na sikulipenda hata siku moja. Mwelekeze mkono kwa mkeo, mwambie mhudumu asogee mbele yake na aongee taratibu bila kupiga kelele. Ataagiza mwenyewe.

Ukipiga simu kutaka meza, usiombe "meza tulivu" tu, maana kila mtu anaomba hivyo. Sema, "Mke wangu hasikii vizuri, tunaomba ile ya pembeni yenye mwanga, na tutafika mkifungua." Mhudumu akisikia sababu, meza hiyo anaiandika jina lenu.