Hamira, kunguru na sinia la pilau

SWALI: Assalam aleikum mwalimu. Mimi ni mama wa mahamri hapa Kisauni, kijana wangu yuko chuo mwaka wa tatu, juzi karudi likizo ananiambia anataka kusomea baiolojia ya hesabu, ati kuna wataalamu kazi yao ni kupiga hesabu za tabia za wanyama na vile seli inavyokula, tena akanionyesha bakuli langu la unga na kunguru juu ya bati akasema mama hawa wawili hesabu yao moja. Nikaona ananichezea shere. Ni kweli? Na kuna kazi huko ama atanikalia nyumbani? Halafu mbona nikizidisha sukari unga wachelewa kuumuka? – Mama N., Kisauni

JIBU: Waaleikum salaam mama. Hakuchezei shere, katia chumvi kidogo tu, manake si ekwesheni ileile neno kwa neno, ila swali ni moja: chakula kipo, nikile vipi na kwa kasi gani?

Anza na kunguru. Akitua kwenye jaa dakika za kwanza anaokota vinono, kipande cha chapati, kiazi, kichwa cha samaki, halafu vinapungua, anafukua mpaka basi. Aondoke saa ngapi? Mwaka 1976 Eric Charnov wa Marekani aliipigia hesabu: ondoka pale unachopata kwa dakika kimeshuka hadi wastani wa mzunguko wako mzima, safari ukiihesabu pia. Kwa hivo jaa lingine likiwa mbali, unakaa zaidi hapo ulipo. Muuza kahawa wa Mji wa Kale anaijua hii bila kalamu, hangoji mzee wa mwisho barazani amalize soga, akiona vikombe vinarudi pole pole anabeba dele lake anakwenda baraza la pili.

Sasa hamira. Ni vijidudu hai, kila kimoja ni seli moja, na sukari wanaweza kuitumia kwa njia mbili. Njia ya haraka ni kuichachusha, ndo inatoa ile gesi inayojaza hamri lako tumbo, lakini chembe moja ya glukosi, yaani sukari nyepesi, inatoa ATP 2 tu, na ATP ndo sarafu ya nguvu ya seli. Njia ya pole pole ni kuichoma kwa oksijeni, hapo seli zetu mimi na wewe zinapata kama 30, hamira inapata chini ya hapo lakini bado ni mara kadhaa ya zile 2. Cha ajabu, sukari ikiwa nyingi hamira inachachusha tu hata oksijeni ikiweko! Ubadhirifu gani huu?

Hebu fikiria sinia la pilau harusini, mmelizunguka watu watano. Wewe ukijifanya mstaarabu utafune tonge mara thelathini, ukiinua macho nyama imekwisha. Lakini ukiwa na sahani yako peke yako utakula kwa raha zako. Mwaka 2001 wanasayansi Pfeiffer, Schuster na Bonhoeffer waliandika hivohivo kwa hesabu: seli zinazogombania sukari moja, mwenye pupa anamshinda mwenye kuweka akiba, japo wote kwa jumla wanapata hasara. Na hesabu hiyo ya kugombania, mama, ilitoka kwa wanyama: wanasayansi John Maynard Smith na George Price 1973 walikuwa wanauliza kwa nini madume yenye pembe hayauani kila yakipigana, wakaona hatua nzuri kwako inategemea wenzako wanacheza vipi. Huyo Maynard Smith wakati wa vita vya pili alikuwa injinia wa ndege, ndo baadaye akaenda kusoma viumbe, kwa hivo mwanao asiogope kuchanganya.

Kazi ipo. Kilifi hapo kuna kituo cha utafiti cha KEMRI (taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba) na Wellcome Trust (shirika la Uingereza linalofadhili utafiti wa afya) tangu 1989, na malaria yenyewe ilianza kupigiwa hesabu zamani na daktari Ronald Ross, alionyesha si lazima umalize mbu wote, ukiwapunguza chini ya kiwango fulani ugonjwa unakufa wenyewe. Lakini ajue kompyuta na takwimu sawasawa, hesabu za karatasini peke yake hazitamtosha, hilo namwambia bila kumficha.

Na sukari: ikizidi inavuta maji kutoka ndani ya hamira, vijidudu vinanyauka, vinafanya kazi kwa kujikokota. Ukitaka mahamri matamu zidisha hamira kidogo ama uyakande mapema, yapate masaa zaidi kwenye joto la jikoni. Mwambie kijana akande yeye bakuli mbili, moja na sukari mara mbili, akae na saa aandike zinavyoumuka kila dakika kumi, halafu akuchoree.