Gitaa la betri: kinachookolewa ni trebo kabla ya ukubwa wa sauti

Ndugu mleta uzi, umeeleza kwamba gitaa lako la solo husikika limefifia na kukosa trebo, yaani sauti za juu, kila unapolichomeka moja kwa moja kwenye mixa ya kanisa, kwamba ukishusha volyumu kidogo linazidi kuwa zito, na kwamba fundi amekushauri ufunge ndani yake sakiti ya betri ili lipate nguvu. Unataka kujua kama sauti itaongezeka kweli. Napiga gitaa hapa Dodoma kwa miaka mingi, zamani kwenye bendi ya dansi na sasa kanisani, na tatizo kama lako liliniandama karibu miaka miwili kabla sijalielewa, kwa hiyo niwie radhi kwa urefu wa jibu.

Betri yenyewe haiongezi sauti. Inailisha sakiti tu, na sakiti hiyo ndiyo huamua. Iko inayoitwa bafa, ambayo haikuzi mawimbi hata kidogo bali huyapokea kutoka kwenye pikapu bila kuyalemea na kuyasukuma kwenye waya kwa nguvu ya kutosha. Iko pia priampu yenye ukuzaji, ambayo huongeza volteji inayotoka kwenye gitaa. Fundi aliyekuambia “nguvu” bila kusema ni ipi kati ya hizo hajakuambia lolote ambalo unaweza kuliamulia.

Chanzo cha kufifia kwako kiko kwenye pikapu, na hapa sisemi gari la mizigo, nasema ile koili iliyo chini ya nyuzi. Ni waya mwembamba wa shaba uliozungushwa maelfu ya mara kwenye sumaku, na kwa sababu ya mizunguko hiyo koili ina uinduktansi mkubwa, yaani hupinga mabadiliko ya haraka ya umeme, kwa pikapu ya koili moja kiasi cha heniri 2 na nusu hivi. Waya wa gitaa nao ni kapasita ndefu, yaani kitu kinachohifadhi chaji ya umeme, kwa makadirio ya kawaida pikofaradi 100 kwa kila mita. Koili na waya vikikutana hufanya chujio: masafa yaliyo karibu na kilele chake hung’aa, na yaliyo juu ya hapo hukatwa. Kwa waya wa mita 3, ukijumlisha kapasitansi kidogo ya pikapu yenyewe, kilele huangukia karibu na hezi 5,000, yaani mitetemo 5,000 kwa sekunde, na hapo ndipo gitaa la solo linapopata ule ukali wa kupenya katikati ya ngoma na kinanda. Kwenye ukumbi wetu mixa ilikuwa nyuma kabisa, nasi tulivuta waya wa mita 15 ukutani. Kilele kikashuka hadi kama hezi 2,500. Nilibadilisha nyuzi, nikanunua pikapu nyingine, nikamlaumu kijana wa mixa mbele za watu, jambo ambalo najuta mpaka leo, na kumbe mkosaji alikuwa ule waya uliobandikwa ukutani.

Ukichomeka kwenye tundu la laini (line) la mixa unaongeza adha ya pili. Amplifaya ya gitaa hupokea kwa ukinzani wa takriban omu 1,000,000, lakini tundu la laini la mixa nyingi lina omu 10,000 hivi. Pikapu yenye ukinzani wa omu 6,000 ikibebeshwa mzigo huo hupoteza zaidi ya theluthi moja ya volteji yake hata kwenye besi, na trebo huanza kuporomoka karibu na hezi 1,000. Kwa hiyo unayoyasikia ni mambo mawili pamoja, sauti ndogo na sauti iliyozibwa, na ukiongeza trebo kwenye mixa utapata mvumo na mikwaruzo zaidi kuliko utakavyopata gitaa.

Suala la kushusha volyumu linaeleweka kwa njia hiyo hiyo. Volyumu ya omu 250,000 ikiwa imepunguza volteji hadi nusu, waya huiona kama chanzo chenye ukinzani wa kama omu 60,000, na kwenye waya wangu wa mita 15 hiyo ilitosha kukata kila kitu kilicho juu ya hezi 1,700 hivi. Ndiyo maana pikapu zenye priampu ndani yake, kama za EMG, kampuni ya California iliyoanza mwaka 1976, hutumia volyumu ya omu 25,000: ukishusha nusu, trebo hubaki karibu nzima. Usifunge volyumu hiyo kwenye pikapu ya kawaida, maana itailemea kama mixa inavyoilemea.

Nilipopata bafa ndogo kutoka Kariakoo niliifunga mwenyewe, kati ya volyumu na jeki, yaani tundu la kuchomeka waya, na siku ya kwanza nilikata tamaa. Gitaa lililia kama bati. Sababu yake sijawahi kuona mafundi wakiieleza: bafa ilikuwa imeitenga koili na waya wote, mfupi na mrefu, hivyo kilele kikapanda hadi hezi 8,000 na zaidi, mahali ambapo sikio halikuzoea kulisikia gitaa. Dawa yake ilikuwa kapasita ya pikofaradi 330, kitu cha shilingi chache, niliyoilehemu kwenye mlango wa bafa kuelekea ardhi ya sakiti (graundi), ili koili idhani ina waya wa mita 3 siku zote. Tangu hapo sauti yangu ni ile ile niwe nimesimama karibu na amplifaya au mwisho wa ukumbi. Kwa ukubwa haikuzidi ile niliyokuwa nikiipata kwenye amplifaya nzuri kwa waya mfupi, lakini watu walidhani nimenunua gitaa jipya, kwa sababu sikio hulihesabu gitaa linalosikika vizuri kuwa ndilo gitaa lenye sauti kubwa.

Ukitaka priampu yenye ukuzaji, nenda kwa kiasi. Kuongeza desibeli 6 ni kuzidisha volteji mara mbili, ingawa sikio halitasema sauti imekuwa mara mbili. Kwa hilo huhitajika kama desibeli 10. Mixa hupokea volteji, wala haijui sikio linasema nini, na taa yake nyekundu itawaka mapema. Faida halisi ya sakiti hizo ni kwamba zinaweza kupandisha besi au trebo, wakati toni ya kawaida, yenye kapasita na poteshiometa (kile kitufe cha kuzungusha) tu, haiwezi ila kupunguza. Wapigaji wa gitaa la besi waliliona hilo mapema. Kampuni ya Music Man ilitoa gitaa lake la besi la StingRay yenye priampu ndani mwaka 1976. Lakini priampu inayolishwa volti 9 haiwezi kutoa wimbi linalozidi hizo volti 9 toka kilele hadi bonde, na pikapu yenye nguvu ikipigwa kwa hasira kwenye priampu iliyopandishwa mno, sauti hupasuka humo humo ndani ya gitaa, mahali ambapo mtu wa mixa hana la kufanya.

Betri inapochoka, dalili ya kwanza kwa kawaida huwa hiyo hiyo: pigo kali linapasuka wakati pigo laini bado ni safi. Kufifia huja baadaye. Jeki ya gitaa la betri ina nyaya tatu ili plagi inapochomekwa ndipo betri iunganike. Fundi mmoja alinibadilishia jeki akaweka ya nyaya mbili na kuiunganisha betri moja kwa moja, na betri zikawa zinakufa nikiwa sijagusa gitaa. Sakiti inayokula nusu miliampea humaliza betri ya alkali ya miliampea-saa 500 kwa takriban saa 1,000, ambazo ni siku 41 tu kama plagi imeachwa imechomekwa. Betri za kaboni hudumu muda mfupi zaidi na huweza kuvuja na kula nyaya, kwa hiyo gharama yake ya chini ni ya kudanganya.

Usitarajie bafa ikuondolee mvumo wa hezi 50 unaoingia kwenye koili kutoka kwenye transfoma na nyaya za umeme. Huo hupunguzwa na hambaka, aina ya pikapu ambayo koili zake mbili huufuta mvumo zenyewe kwa zenyewe.

Niliwahi pia kumsaidia mzee mmoja wa Chamwino apige ilimba, ile ala ya vijiti vya chuma inayopigwa kwa vidole gumba, kwenye spika, kwa kibandiko cha piezo kinachogeuza mtetemo kuwa umeme, nikaona ugonjwa kinyume na wetu. Piezo ya nanofaradi 20 kwenye tundu la omu 10,000 hupoteza kila kitu kilicho chini ya hezi 800, hivyo ilimba yote ikabaki milio ya juu bila mwili. Bafa ya omu 1,000,000 ilimrudishia besi yote, na mzee alikaa akipiga mpaka jua likazama.

Kwa hiyo kabla gitaa lako halijatobolewa, azima boksi la DI lenye betri, yaani kile kisanduku cha kuunganisha ala na mixa, au pedali yoyote ya kukanyaga ya kampuni ya Boss, kwa kuwa zile ndogo za kawaida zina bafa hata zikiwa zimezimwa, uliweke karibu na miguu yako kwa waya wa mita 3, kisha waya mrefu utoke hapo kwenda kwenye mixa. Kama trebo itarudi, umeshajua ni bafa unayoihitaji, na pengine hutahitaji kufunga kitu ndani kabisa. Niandikie hapa urefu wa waya wako na tundu unalotumia kwenye mixa, na kama pikapu zako ni za koili moja au hambaka, nikupigie hesabu ya kapasita itakayokufaa.