Maswali na majibu: Ticha kampa mwanangu 84 kwenye fomu ya vipaji, nimtafutie tuisheni?

SWALI: Shikamoo daktari. Niko Georgia, karibu na Atlanta. Mwanangu Baraka yuko gredi ya 2, ametimiza miaka 7 mwezi wa 8. Shule walimpima kwa ajili ya programu ya watoto wenye vipaji: uwezo wa akili 97, hesabu 92, ubunifu 81, na ile fomu ya motisha anayojaza mwalimu wa darasa akapata 84, wanasema hajafikisha. Ticha anasema Baraka ni mpole mno, hanyooshi mkono, hajitumi mpaka asukumwe, wakati nyumbani huyu mtoto hanipi pumzi kwa maswali. Kuna mtu kwenye grupu letu la WhatsApp ana kozi ya wiki 6 ya kumwandaa mtoto ili mwalimu ampe alama za juu, na anatoa pia cheti cha IQ (kipimo cha akili) onlaini. Nilipe? Au nimwombe ticha arudie fomu? (Mama Baraka)

JIBU: Marahaba dada yangu. Usilipe. Naanza na hilo kwa sababu swali lako ni la nne la aina hii ndani ya miezi miwili na hao wengine watatu walikuwa wameshatoa hela kabla hawajaniuliza.

Hiyo 84 siyo asilimia 84 ya mtihani. Ni pasentaili, kama hizo namba zake nyingine, yaani ukipanga watoto 100 wa umri wake, Baraka amewapita kama 84, na Georgia wanataka afike 90. Fomu nyingi za namna hii zinageuza majibu ya ticha kuwa alama ya T ambayo katikati yake ni 50, sasa 60 ndo hiyo pasentaili ya 84 na 63 ndo 90. Pointi 3 dada! Moja ya fomu zinazotumika sana huku ina maswali 72, mafungu 6 yenye maswali 12 kila moja, na kila swali mwalimu anachagua namba kuanzia 1 mpaka 9. Fungu la motisha ni hayo maswali 12 tu. Kwa hiyo umbali kati ya "amefikisha" na "hajafikisha" unaweza kuwa ni visanduku vichache ambavyo ticha angeweka 7 akaweka 6, Ijumaa saa tisa mchana, ana fomu nyingine ishirini mezani na watoto wanasubiri basi.

Nimeshika fomu hizo kwa mikono yangu miaka mingi, nikufiche nini. Kuna moja siisahau, mwalimu alikuwa ameweka 6 swali la kwanza, 6 la pili, 6 mpaka chini kabisa, ukurasa mzima 6, hata kwenye fungu la sanaa wakati mtoto mwenyewe alikuwa hajawahi kushika brashi mbele yake. Nilipomuuliza akaniambia ukweli, kwamba ni mtoto mzuri, hamsumbui, hakujua amweke wapi. Simlaumu, hakuna aliyemkalisha chini akamfundisha ile fomu inauliza nini.

Sasa kinachonichosha ni hii imani kwamba fomu ya mwalimu ni mtihani wa mtoto, na kama ni mtihani basi utakuwa na tuisheni yake. Hapana jamani. Mtoto hajajibu chochote pale. Aliyejibu ni mwalimu, na amejibu kuhusu kile macho yake yalichokiona ndani ya darasa lile, kwa lugha ile, kwa tabia ambazo yeye alilelewa kuziona ni dalili za akili. Baraka wako ni yuleyule aliyepata 97. Akili haikupungua alipofika kwenye fomu, kilichopungua ni kuonekana.

Na hapa nataka wazazi wenzangu tunaoongea Kiswahili tusikilizane vizuri. Sisi mtoto tunamfundisha mkubwa akiongea unanyamaza. Hujibizani na mwalimu, humkazii macho, husimami kwenda kuchukua kitu hujaambiwa, ukimaliza kazi unatulia unasubiri. Hiyo kwetu ni adabu na mtoto aliyelelewa hivyo tunamsifia mtaa mzima. Fomu inauliza mtoto anaanzisha mambo mwenyewe bila kuambiwa? Anang'ang'ania swali mpaka apate jibu? Anatafuta kazi ngumu zaidi? Mwalimu anamwangalia Baraka amemaliza hesabu zake dakika ya 8, amefunga daftari, mikono juu ya meza, anasubiri. Anaandika hajitumi. Mtoto anafanya kile ulichomfundisha kwa utiifu wote na kile kile ndo kinamkata pointi. Na upande wa pili kuna kosa lilelile limegeuzwa, mtoto anayekatiza wenzake, mbishi, karatasi zake ovyo, huyo naye hapewi alama kwa sababu walimu wengi wanachanganya kipaji na utiifu, wanawapendekeza wanaomaliza homework kwa mwandiko mzuri.

Halafu Baraka kazaliwa mwezi wa 8. Georgia mtoto lazima awe ametimiza miaka 5 ifikapo tarehe 1 Septemba ndo aanze kindagateni, maana yake mwanao ni katika wadogo kabisa darasani, kuna anaokaa nao wanaomzidi karibu mwaka mzima. Fomu inamtaka ticha amlinganishe na watoto wa umri wake, lakini macho yanalinganisha na waliokaa mle ndani. Mwaka mmoja kwa mtoto wa miaka 7 ni mwingi sana.

Haya mambo siyo hisia zangu. Kaunti ya Broward kule Florida walikuwa wanategemea walimu na wazazi waseme nani apelekwe kupimwa. Mwaka 2005 wakaanza kumpa kila mtoto wa gredi ya 2 mtihani mfupi wa maumbo usiohitaji lugha, na anayefanya vizuri ndo anaenda kwa mwanasaikolojia kupimwa IQ kwa kigezo kilekile cha zamani. Wachumi David Card na Laura Giuliano wakafuatilia, wakakuta watoto wa familia za kipato kidogo walioingia kwenye programu wameongezeka zaidi ya mara mbili, na Weusi na Walatino nao wakaongezeka sana. Watoto hao walikuwepo siku zote, walimu waliwaona kila asubuhi na hawakuwataja. Na mwaka 2016 Jason Grissom na Christopher Redding wakaonyesha kwa data za nchi nzima kwamba mtoto Mweusi mwenye alama sawa kabisa na Mzungu bado ana nafasi ndogo ya kuingizwa kwenye vipaji, na nafasi hiyo inapanda sana akiwa na mwalimu Mweusi. Alama ni zilezile, kilichobadilika ni macho.

Haya, turudi kwa Baraka. Kumwomba ticha arudie fomu ileile ili apandishe, usifanye. Unamweka pabaya na koordineta wa programu ya vipaji akijua itaonekana imechakachuliwa. Badala yake chukua ripoti, angalia hiyo 97 ni ya mtihani mzima wa uwezo wa akili au ni ya sehemu moja tu, mfano ile ya maumbo peke yake. Nakwambia kwa nini. Georgia ina njia mbili. Ya kwanza ni mitihani tu, haihitaji fomu ya mtu yeyote: uwezo wa akili na ufaulu wa hesabu au kusoma. Ufaulu unatakiwa 90 na Baraka ana 92 ya hesabu. Uwezo wa akili kindagateni mpaka gredi ya 2 wanataka 99, ila kuanzia gredi ya 3 wanataka 96. Umeona? Kama 97 yake ni ya jumla, mtoto huyu akifika gredi ya 3 anaingia kwa matokeo ambayo tayari anayo, na matokeo yanakubalika kwa miaka 2. Kwa hiyo kabla hujalia omba kikao na koordineta wa programu umuulize hilo moja kwa moja, na akikujibu muombe aandike.

Njia ya pili ni kupata maeneo matatu kati ya manne: akili, ufaulu, ubunifu, motisha. Baraka anayo mawili, akili na ufaulu, maana kwa njia hii 97 yake inatosha hata akiwa gredi ya 2. Kwenye motisha fomu ya mwalimu siyo mlango pekee, sheria ya jimbo inaruhusu pia kazi ya mtoto ipimwe na jopo la watu watatu au zaidi wenye sifa, akipata 90 kati ya 100 imehesabika. Shule nyingi hazikutajii kwa sababu inawaongezea kazi. Uliza.

Na ticha mpe ushahidi, usimpe sifa. Ukimwandikia "mwanangu ana akili sana" ameshasoma barua 30 za hivyo. Mwandikie nusu ukurasa: tarehe fulani Baraka alichukua ratiba ya basi akahesabu tutachelewa dakika ngapi tukikosa la kwanza, tarehe fulani aliuliza kama namba zina mwisho, nikamwambia sijui, kesho yake asubuhi akarudi na jibu lake mwenyewe, hili hapa. Peleka na daftari lenyewe lilivyo, hata lina madoa ya chai. Na mwambie waziwazi kwamba nyumbani kwetu mtoto hamkatizi mkubwa, hivyo akikaa kimya amuulize yeye kwanza, amwite kwa jina. Kama Kiingereza kinakusumbua andika Kiswahili, shule wana wajibu wa kuwasiliana na mzazi kwa lugha anayoielewa na siyo kazi ya Baraka kuwa mkalimani wa kikao kinachomhusu yeye.

Cheti cha IQ cha onlaini, hata usifungue hiyo linki. Georgia vipimo vilivyofanywa nje ya shule lazima viangaliwe, ni kweli, na hapo ndo hawa watu wanapowapata wazazi, lakini haviwezi kuchukua nafasi ya vipimo vya shule na haviwezi kuwa msingi pekee wa kumpitisha mtoto. Hapo naongelea ripoti halali ya mtaalamu mwenye leseni aliyekaa na mtoto ana kwa ana. Picha ya cheti yenye nembo ya dhahabu uliyotumiwa kwenye simu haifiki hata kwenye faili.

Kozi ya kumwandaa mtoto kwa macho ya mwalimu ndo inaniuma kuliko vyote, na siyo ya Georgia peke yake. New York walikuwa wanawapima watoto wa miaka 4 kwa mtihani, biashara ya kuwaandaa ikashamiri kweli. Mwaka 2021 mtihani ukaondoka, ikawa mwalimu wa chekechea ndo anapendekeza kisha inapigwa bahati nasibu maana wanaopendekezwa ni wengi kuliko nafasi. Biashara haikufa, imehamia tu. Zamani walimfundisha mtoto kujaza maumbo, siku hizi wanamfundisha kuigiza udadisi.

Nimeshamkuta aliyefundishwa hivyo. Binti wa miaka 6, nguo zimepigwa pasi, nywele zimesukwa vizuri, mama yake yuko nje kwenye kiti cha korido. Nikaweka mezani vipande vya mbao vyekundu na vyeupe sijasema kitu, huwa napenda kuona mtoto atafanya nini. Hakuvigusa. Akaniambia kwa Kiingereza kilichonyooka kwamba ana hamu kubwa ya kujua kitu hiki kinafanyaje kazi. Nikamwambia vizuri sana, ungependa kujua nini? Kimya. Akarudia sentensi ileile, neno kwa neno, sauti ileile, halafu akageuka kuangalia mlango. Vipande viko sentimita 10 kutoka mikono yake. Mama alikuwa amelipia miezi mitatu ya hiyo kozi. Ilinichukua dakika 40 za kuongea habari za paka wao kabla yule mtoto hajanyoosha kidole kusogeza kipande kimoja, na alipoanza alikuwa hodari kweli, ila fomu ya mwalimu wake ilishajazwa na ilisema anakariri.

Kwa hiyo ninyi wote wenye watoto kwenye hatua hii, anayewaambia anajua siri ya fomu ya walimu hana siri yoyote, maswali yale ni kuhusu tabia ya kila siku ya mtoto kwa miezi na hakuna wiki 6 zinazobadilisha hilo, zinachobadilisha ni mtoto kuanza kuogopa kukosea mbele ya mkubwa. Zawadi kwa ticha wiki ya kujaza fomu nayo muache, mnamharibia mwalimu na mnamharibia mtoto. Na mtu akikwambia anapima IQ, muulize namba ya leseni. Mwanasaikolojia anayepima kwa ofisi yake binafsi Georgia ana leseni ya bodi ya jimbo ambayo mtu yeyote anaweza kuiangalia kwa jina lake, haichukui dakika 5. Mama Baraka, muulize huyo wa kwenye grupu lenu, muulize palepale kila mtu aone.