Blauzi ya krosheti bila mshono wa ubavuni

Dada, umeuliza kama blauzi ya vipande viwili inaweza kufumwa kwa mzunguko. Inawezekana kabisa. Jumlisha vitanzi vya mbele na nyuma, kisha toa vile vya pembeni vya kuunganishia: 82 na 82, ukitoa 2 kila kipande, unabaki na 160. Hakikisha hesabu inagawanyika sawasawa kwa vitanzi vya ua lako, yaani mchoro unaojirudia.

Kabla ya kuunga mnyororo, yaani mstari wa vitanzi vya kuanzia, uwe duara, ulaze mezani uone haujajipinda. Mimi nilifumua mizunguko kumi ndani ya matatu ya Rongai kwa sababu hiyo, na iliniuma sana.

Kila mzunguko ukiisha, unga mwisho na mwanzo, geuza kazi, urudi. Usipogeuza, vitanzi huegemea upande mmoja. Ukifika kwapani, tenga mbele na nyuma, ufume kwenda na kurudi kama kawaida.